Ua Lisilochumwa: Maumbile, Picha na Usonara wa Sanaa

0. Utangulizi

Tangu zamani za kale binadamu amejipamba kwa vitu vya maumbile: kauri, jino, unyoya, mbegu, ua, jiwe, madini. Kila kimoja cha vitu hivyo kilipaswa kwanza kuondolewa mahali pake. Ua lilichumwa, mnyama aliuawa, kilima kilichimbwa; ndipo pambo likapatikana. Katika karne ya 20 walitokea masonara waliojaribu njia nyingine. Badala ya kuvaa ua, walivaa picha ya ua. Badala ya jiwe la thamani, walivaa mandhari iliyonaswa na kamera, kisha ikachorwa juu ya bamba la zinki au kufungwa ndani ya plastiki.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi upigaji picha na usonara ulivyokutana katika kutazama maumbile. Hoja tutakayoitetea ni hii: picha ilimpa sonara uwezo wa kutumia alama ya kitu badala ya kitu chenyewe, na kwa kufanya hivyo ilitenganisha uzuri wa pambo na bei ya malighafi yake. Tutaanza na maneno, kwa kuwa maneno yenyewe yanatufunulia tatizo. Kisha tutaeleza asili ya picha juu ya madini, na kazi za mafundi wachache wa Ulaya ambao mifano yao iko wazi. Mwishoni tutarudi Katanga, ambako ua na shaba hutoka katika kilima kimoja, na ambako kwa hiyo swali hili si la starehe tu.

1. Juu ya maneno

Kiswahili kina msamiati mpana wa mapambo. Msemaji wa pwani hutofautisha mkufu na kidani, bangili na kikuku, herini na kipuli, pete na kipini. Anayevitengeneza vitu hivyo ni sonara, na kazi yake ni usonara. Kwa upande wa malighafi tunayo maneno kito na johari, ambayo hutaja jiwe lenyewe la thamani. Hapa pana tofauti ya kuzingatiwa. Kito huthaminiwa kwa uadimu wake. Pambo limepata jina lake kutokana na kitendo cha kupamba. Kazi tunazozieleza hapa aghalabu hazina jiwe wala dhahabu, na kuziita vito kungepotosha maana. Tutaziita mapambo ya sanaa, na ufundi wake tutauita usonara wa sanaa: yaani usonara ambao fundi hubuni na kutengeneza kazi yake mwenyewe, akikusudia iseme jambo, kama vile mchoraji anavyokusudia kwa mchoro wake.

Neno la pili ni fedha. Katika Kiswahili jina hilo moja hutaja madini na pia pesa, kwa sababu sarafu kubwa zilizotumika zamani katika biashara ya pwani zilikuwa za fedha. Basi lugha yetu imeyaweka pamoja mambo mawili ambayo usonara wa sanaa ulijitahidi kuyatenga: kinachong'aa na kinachonunua.

Neno la tatu ni kikuba. Katika miji ya pwani, kikuba ni kishada cha maua na majani yanayonukia, kama asumini na rehani, ambacho mwanamke hukibandika kwenye nguo au katika nywele. Hilo ni pambo la maumbile kwa ukamilifu wake: halikuigwa wala halikuchorwa. Lakini umri wake ni usiku mmoja, kunapokucha limenyauka. Kikuba kinatuonyesha tatizo waziwazi. Anayetaka ua lenyewe hana budi kukubali kwamba litakufa. Anayetaka lidumu hana budi kuridhika na mfano wake. Historia ya mapambo yaliyoiga maumbile ni historia ya majibu mbalimbali kwa tatizo hilo.

2. Picha ilizaliwa juu ya madini

Leo tumezoea kuiona picha kwenye karatasi au kioo cha simu, tukasahau kwamba picha za kwanza zilikuwa vipande vya madini. Mfaransa Nicéphore Niépce alipofanikiwa, mnamo 1826 au 1827, kunasa mandhari ya nje ya dirisha lake, alitumia bamba la mchanganyiko wa bati na risasi lililopakwa aina ya lami. Mahali palipopigwa na mwanga lami iliganda. Palipobaki katika kivuli ilioshwa ikatoka. Shabaha yake ilikuwa kupata bamba ambalo asidi ingeweza kulila, ili lichapishwe kama nakshi.

Njia iliyotangazwa Paris mwaka wa 1839, iliyopewa jina la Louis Daguerre, ilikaribia zaidi meza ya sonara. Fundi alichukua bamba la shaba lililopakwa fedha juu, akalisugua hadi likawa kama kioo, akalifukiza kwa mvuke wa iodini ili lipokee mwanga. Baada ya kuliweka ndani ya kamera, alilifukiza tena kwa mvuke wa zebaki, na hapo ndipo sura ilipojitokeza. Picha hiyo haikuwa na nakala ya pili. Ilikuwa ndogo, ilimetameta, iliwekwa chini ya kioo ndani ya kijaluba. Na haikupita muda mrefu kabla ya picha za namna hiyo kuanza kutiwa ndani ya vidani na mapambo ya kifuani. Hivyo mkutano wa picha na usonara ulianza mapema, tena juu ya madini yale yale mawili ya sonara: shaba na fedha.

Mfano mwingine wa zamani unahusu mimea. Mwingereza Anna Atkins (1799–1871) alianza mwaka wa 1843 kutoa kitabu cha picha za mwani wa nchi yake. Hakutumia kamera. Alilaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, akaiacha juani, kisha akaiosha kwa maji. Karatasi ikawa ya buluu, ila pale mwani ulipokuwa umezuia mwanga pakabaki peupe. Ufundi huo ulikuwa umebuniwa mwaka uliotangulia na John Herschel. Tuangalie vizuri kilichotendeka: picha haikuwa mchoro wa mwani uliopitia mkono wa mchoraji, bali alama iliyoachwa na mwani wenyewe, kama unyayo unavyoachwa na mguu. Hiyo ndiyo sifa ya picha ambayo masonara wa baadaye watakuja kuitumia.

3. Kuutazama mmea

Kabla ya sonara kuivaa picha, ilimbidi ajifunze kutazama. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa René Lalique (1860–1945) aliwafundisha wenzake kwamba kereng'ende, nyigu, jani au tawi lililonyauka linafaa kuwa pambo la heshima. Kazi yake mashuhuri ya mwanamke-kereng'ende, iliyotengenezwa mnamo 1897–1898, imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Gulbenkian mjini Lisbon. Katika kazi zake alichanganya dhahabu na almasi na vitu ambavyo matajiri wa siku zile hawakuvihesabu kuwa vya thamani: pembe ya ng'ombe, kioo, na rangi za kioo zilizoyeyushwa juu ya madini. Mnunuzi alilipia jicho na mkono wa fundi kuliko uzito wa mali. Huo ulikuwa mwanzo wa mtengano tuliotaja.

Nchini Ujerumani kazi ya kutazama ilifanywa kwa kamera. Karl Blossfeldt (1865–1932) hakuanza kama mpiga picha. Alijifunza ufundi katika kiwanda cha kusubu chuma cha sanaa katika milima ya Harz. Baadaye alipelekwa Roma kumsaidia Moritz Meurer, aliyekuwa akikusanya mimea ili iwe vielelezo vya kufundishia nakshi. Aliporudi Berlin alifundisha kwa muda wa miaka 30 hivi kufinyanga mifano kutokana na mimea hai. Picha zake zilikuwa vyombo vya darasani. Kwa kamera aliyoitengeneza mwenyewe alikuza kikonyo, chipukizi au mbegu mara nyingi, hata mara 30, akaziweka mbele ya mandhari tupu.

Picha hizo zilipochapishwa mwaka wa 1928 katika kitabu Urformen der Kunst, chenye mabamba 120, watu walistaajabu. Kangaga changa iliyojikunja ilifanana na fimbo ya askofu. Vikono vya mboga vilifanana na chuma kilichofuliwa. Wengi walidhani sanaa imeiga maumbile, au maumbile yameiga sanaa. Sababu yenyewe ni karibu zaidi: aliyetazama alikuwa mtu wa chuma. Aliuona mmea kama sonara anavyouona waya, akiangalia mahali unapopinda, unapobeba uzito na unapojifunga. Tena alikata na kusafisha mimea yake kabla ya kuipiga picha, mpaka umbo alilolitaka likaonekana. Tujifunze hapa kwamba picha ya maumbile haisemi kweli yote ya maumbile. Huchagua. Huacha udongo, mdudu na jirani wa mmea nje ya fremu.

4. Pambo lisilo na madini

Hatua kubwa ilichukuliwa Uholanzi. Gijs Bakker, aliyezaliwa mwaka wa 1942, pamoja na mkewe Emmy van Leersum (1930–1984), walikataa desturi ya kulipima pambo kwa gramu za dhahabu. Mwaka wa 1967 walionyesha kola kubwa za alumini, madini ya sufuria na ndege. Walikusudia pambo lipatikane kwa watu wengi, na lithaminiwe kwa wazo lililomo.

Mwaka wa 1973 Bakker alikwenda mbali zaidi. Alifunga waya mwembamba wa dhahabu kwa nguvu kwenye mwili, kisha akauondoa. Pambo, kwa maelezo yake, halikuwa ule waya bali ule mfuo uliobaki kwenye ngozi. Alama hiyo hufutika baada ya muda mfupi, na pasipo picha hakuna ambaye angeijua leo. Kwa hiyo pambo zima lina alama mbili: waya umeacha alama kwenye ngozi, na ngozi imeacha alama kwenye filamu. Dhahabu imebaki pembeni kama chombo tu.

Mwaka wa 1982 alitengeneza kola inayojulikana kwa jina la tone la umande. Ni picha ya rangi ya ua la waridi lenye matone ya maji, iliyokuzwa na kufungwa ndani ya plastiki. Mvaaji hupitisha kichwa katikati, na uso wake hutokea ndani ya petali zilizo kubwa kuliko mabega yake. Ua ambalo kwa kawaida mtu hulibandika kwenye nguo, sasa limembandika mtu. Tone la umande, ambalo jua hulikausha mapema asubuhi, halikauki tena. Kwa mtu anayekifahamu kikuba, kazi hii inaeleweka upesi: ni kikuba kisichonyauka, lakini pia kisichonukia. Kilichopatikana na kilichopotea vinaonekana pamoja, na hilo ndilo linaloifanya kazi hiyo iwe sanaa, isiwe tangazo la mauzo ya waridi.

Hata hivyo tusidhani kwamba picha inashinda wakati. Rangi za picha hufifia kwa mwanga, na plastiki hugeuka manjano na kukakamaa. Watunzaji wa majumba ya makumbusho wanajua kwamba pambo la plastiki la miaka arobaini linadai uangalizi kuliko bangili ya fedha ya miaka mia mbili. Ua la picha nalo hunyauka. Hunyauka polepole tu.

5. Picha iliyolilwa na asidi

Bakker aliiweka picha katika plastiki, bali Bettina Speckner, sonara Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1962, aliirudisha kwenye madini. Katika mapambo yake ya kifuani tunakuta mti, bustani, mstari wa pwani au ua moja, mara nyingi kwa rangi ya kijivu ya zinki. Hutumia pia picha za zamani za karne ya 19 zilizopigwa moja kwa moja juu ya bamba la chuma. Kando ya picha hutia lulu au jiwe, si kwa kuonyesha mali, bali kama nukta inayomfanya mtazamaji asimame.

Njia ya kuichora picha juu ya madini inafaa kuelezwa, kwa sababu haidai mitambo mikubwa. Bamba husafishwa, hupakwa dawa inayopokea mwanga, kisha hasi ya picha hulazwa juu yake. Panapopigwa na mwanga dawa huganda. Panapokosa mwanga huoshwa. Bamba likitiwa ndani ya asidi, asidi hula mahali palipoachwa wazi tu. Matokeo yake ni picha yenye kina, ambayo kidole kinaweza kuisoma. Msomaji ataona kwamba hiyo ndiyo shabaha aliyokuwa nayo Niépce. Picha imerudi nyumbani kwake.

6. Katanga: ua na shaba katika kilima kimoja

Mpaka hapa tumezungumza juu ya Ulaya. Lakini uhusiano wa pambo na maumbile una historia ndefu katika nchi yetu. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wataalamu kuanzia 1957, yalikutwa na mikufu na bangili za shaba, pamoja na kauri zilizotoka Bahari ya Hindi. Baadaye kisahani cheupe cha konokono wa bahari, kiitwacho mpande, kilikuwa alama ya uchifu katika sehemu nyingi za Katanga na Zambia. Wanyamwezi walikiita kibangwa. Livingstone, aliyepita katika nchi ya Balunda mwaka wa 1854, ameandika kwamba visahani viwili viliweza kununua mtumwa, na vitano jino la tembo. Pambo halikuwa jambo dogo. Gharama yake ilihesabiwa kwa watu na kwa wanyama.

Gharama ya namna hiyo haijakwisha. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka wa 1989, ulioanza kutumika mwaka wa 1990, kwa sababu bangili na sanamu zilikuwa zimewapunguza sana tembo. Na kuhusu madini, tunao mfano ulio karibu sana nasi. Katika vilima vya shaba vya Katanga huota mimea inayostahimili udongo ambao ungeua mimea mingine. Mmoja wake, Haumaniastrum katangense, huitwa ua la shaba. Ni wa jamii moja na rehani, lile jani la kikuba. Watafutaji wa madini waliufuata ili kujua mahali penye shaba. Wataalamu wa mambo ya kale nao waliutumia kugundua mahali ambapo wahenga waliyeyusha malakiti katika tanuru zao. Katika mimea ya vilima hivyo, takriban aina 30 hazijulikani kuota mahali pengine popote duniani. Kilima kikichimbwa chote, aina hizo hukosa makao.

Hapa hoja yetu inapata uzito wake, na pia mpaka wake. Ni kweli kwamba picha humwezesha mtu kuvaa ua bila kulichuma. Lakini picha yenyewe haikutoka hewani. Bamba la Daguerre lilikuwa shaba na fedha. Filamu ya karne ya 20 ilikula fedha nyingi. Kamera na simu za leo zinahitaji shaba, na betri zake nyingi zinahitaji kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika vilima hivi hivi vya shaba. Basi mtu anayepiga picha ya ua la shaba kwa simu yake huenda ameshika mkononi sehemu ya kilima lilikoota. Picha imepunguza deni letu kwa maumbile, haikulifuta.

Wasanii wa Lubumbashi wameonyesha kwamba wanaweza kulitazama deni hilo. Tangu 1946, katika karakana ya Romain-Desfossés iliyoitwa Hangar, Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walichora ndege, samaki, nyoka na majani kwa jicho lao wenyewe. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978, aliunganisha katika mfululizo wake wa 2006 uitwao Mémoire picha za zamani za wafanyakazi wa migodi na picha mpya za viwanda vilivyoachwa. Tamasha la sanaa ambalo yeye na wenzake walilianzisha mjini mwaka wa 2008 lilichukua jina la Kiswahili: Picha. Shaba ipo, jicho lipo, na neno lipo.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba picha na pambo vilikuwa ndugu tangu mwanzo, kwa sababu vilizaliwa juu ya madini yale yale. Tumeona pia kwamba sonara wa sanaa, kwa kutumia picha, aliweza kuvaa alama ya maumbile badala ya kuvaa maumbile yenyewe, na akaihamisha thamani kutoka uzito hadi mtazamo. Lakini tumeona kwamba uhamisho huo haukuondoa gharama. Uliisogeza mahali pasipoonekana kwa urahisi.

Kutokana na hayo tunapendekeza kwa wanafunzi wa sanaa na wa lugha maswali matatu ya kuulizwa mbele ya pambo lolote linalodai kuvuviwa na maumbile. La kwanza: ni kitu gani kilichochukuliwa? La pili: ni kitu gani kilichoachwa nje ya fremu? La tatu: nani, au nini, kimelipa? Maswali hayo yanalifaa waridi la Bakker, kama yanavyoufaa mkufu wa malakiti unaouzwa barabarani Lubumbashi. Fundi wa kwetu anayetaka kuyajibu kwa mikono yake anacho cha kufanyia kazi karibu: bamba la shaba, asidi kidogo, na picha ya ua la shaba iliyopigwa lingali likisimama kilimani.